Nusu ya Mama, Nusu ya Bibi

Saida,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali yake, lakini hali yako naijua. Uko nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa akina Rehema, na kicheko chako kinanifikia hapa nilipokaa kwenye cherehani. Ulisema unakwenda kuaga mara moja tu. Sasa jua linashuka, chai imepoa, na mimi nawaonea wivu hata akina Rehema, watu ambao juzi tu nimewaazima chumvi.

Nimeiweka kando sare ya mtoto wa watu niliyokuwa naipinda, nimevuta karatasi. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana ukirudi nitaanza kukuuliza kama kamba ya sanduku imekaza, na hayo siyo niliyo nayo moyoni. Mambo ya kuchemsha maji, chandarua na kutokaa dirishani kwenye basi ameshakwambia baba yako, na kesho alfajiri atakwambia tena. Mimi nina langu.

Nina wivu, mwanangu. Neno hili nalitaja mapema ili usihangaike kulitafuta huko mbele.

Tangu ilipojulikana kwamba umechaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea hali ya hewa, mtaa wetu mzima wa Majengo una wimbo mmoja: bibi yake alimtabiria. Nikisimama kwenye foleni ya sukari, naambiwa hongera Mama Saida, yule bibi wa Old Moshi aliona mbali. Nikienda mashineni kusaga, ni hayo hayo. Hata Mzee Jivan wa duka la vitambaa, ambaye sidhani kama amewahi kupanda Old Moshi hata siku moja, aliniambia kipaji kama hicho mtu hurithi. Nikamuuliza anarithi kwa nani. Akasema kwa bibi. Nikamwambia apime kitambaa.

Hakuna aliyesema kwa mama. Hakuna aliyekumbuka nani alikuwa anakuamsha, nani alikuwa anakufuta tongo za macho, nani alishona sketi yako ya sekondari kutoka kwenye gauni lake la harusi mwaka ule vitambaa vilipoadimika. Bibi katazama mlima, basi, bibi ndiye.

Na hilo neno kutabiri linaniudhi wanavyolitumia. Unajua mimi ni mtoto wa hapa hapa, nyumba ya nyuma ya msikiti. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na mama yangu alikuwa na neno la kila kitu. Kwa mama maneno haya ya kuyajua yaliyofichika hayakuwa ndugu. Mzee Shomari wa kichochoroni alikuwa anaagua: unakwenda na ugonjwa wako, anakwambia umetoka wapi na utibiwe kwa dawa gani. Ramli ilikuwa ya mchanga, na mama alisema mtu anayekwenda kupigiwa ramli ana jina la jirani yake mdomoni tangu nyumbani, anatafuta tu mtu wa kumwitikia. Kutabiri aliwaachia mitume na wenye ndoto za kweli. Kubashiri kulikuwa kwa mambo ya kheri, kama mimba, safari ya Maka, au mvua baada ya kiangazi. Ukimwambia fulani kabashiri msiba alikukatiza hapo hapo. Msiba haubashiriwi, alisema, msiba unachuriwa. Na hilo la kuchuria ndilo alilolichukia kupita yote, mtu kufungua kinywa chake na kuita baya lije.

Yeye mwenyewe hakuwa na elimu yoyote ya kuyajua ya kesho isipokuwa kope zake. Ukope wa juu ukimcheza aliongeza kikombe cha mchele kwa ajili ya mgeni. Wa chini ukimcheza alitembea na leso mkononi mpaka jioni. Mgeni asipokuja tulikula sisi, na hakuna aliyelalamika.

Kisha ukaja uhuru, na kila mtu akawa mtabiri. Nilikuwa msichana. Barazani kwa baba wanaume walikaa mpaka giza wakisema kila nyumba itakuwa na bomba, kila kijana atakuwa na baiskeli, na mmoja akasema magari yatakuwa mengi mpaka punda waone haya. Baba yangu alikuwa anashona huku anasikiliza. Aliwauliza tu nani atashona nguo za watu wote hao wenye magari. Miaka ya baadaye balozi wetu wa nyumba kumi alisimama kila mwezi akatuambia mwezi ujao sabuni itakuwa tele. Hakuwa mwongo, maskini. Alikuwa anatarajia kwa sauti kubwa. Na bwana shamba naye alikuja na makisio yake ya mavuno, na makisio, ukitaka nikwambie ukweli, ni kubahatisha kulikovaa suruali iliyopigwa pasi.

Nakwambia haya kwa sababu kesho unaingia katika kazi hiyo, na kazi hiyo ina maneno mengi ambayo watu wanayachanganya katika sufuria moja. Wewe usiyachanganye.

Sasa bibi yako. Niseme haki yake, ingawa inanichoma. Yeye hakuagua mtu, hakupiga ramli, wala hakuwahi kujiita mtabiri. Alitoka nje asubuhi, akautazama mlima, akanusa, akawatazama kuku, kisha akasema leo tunaanika kahawa au leo hatuaniki. Basi. Majirani wa vihamba vya pembeni, kila mmoja na migomba yake, walimwita kutoka ng'ambo ya ua wa masale, bibi, tunaanika? Naye alijibu neno moja tu, na watu wakatoa kahawa zao au wakaziacha ndani. Mimi niliolewa pale nikiwa na maneno ya kutosha kufungua duka, na yeye kwa neno lake moja aliwaendesha watu wa mteremko mzima.

Baba yako, unajua, alikuwa dereva wa lori la kahawa. Alisilimu akanioa, akawa Yusufu. Nilipelekwa juu kutambulishwa nikidhani nitatukanwa. Mama yake hakuniambia neno baya. Aliuliza tu kama watu wa mjini tunakula ndizi. Nikasema tunakula. Akanipa bakuli la mtori, akanitazama mpaka nikalimaliza, akaendelea na shughuli zake. Kichagga sikukijua, na Kiswahili yeye alikuwa anakitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani. Hivyo tangu siku ya kwanza tulikuwa tunatazamana tu.

Ulipozaliwa mimi nilikuita Saida. Kule juu uliitwa Mkunde, jina lake, kwa kuwa mtoto wa kike wa kwanza wa mwanawe wa kwanza ni wake. Nilidhani ni jina tu. Sikujua kwamba jina lina miguu. Ulipoacha ziwa, baba yako akaniambia, huku anakuna kisogo, kwamba kwao mtoto huyo hupelekwa akakae na bibi yake, amletee kuni, amtie moto jikoni, alale naye. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka azoee. Nikauliza azoee nini, akatoka kwenda kuwasha lori.

Nilikubali. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilikubali, na jibu lake si zuri. Nilitaka nipendwe kule. Nilikuwa mke wa mjini, nisiyejua kukata majani ya ng'ombe wala kutembea kwenye utelezi, na nikaona nikikutoa wewe nitahesabiwa mtu. Siku ya kukupeleka nikasema mbele ya mama yangu kwamba baridi ya kule itakuua. Mama akanipiga kibao cha mdomo, mimi mke wa mtu, akasema usimchurie mtoto. Nilikuwa najaribu kulia, lakini maneno yakawahi kutoka kabla ya machozi.

Basi nikawa mama wa kupanda mlima. Sikuwa na siku maalumu. Lori la baba yako lilipopata safari ya kwenda juu, nilifunga cherehani yangu ya barazani nikapanda juu ya magunia matupu, na mandazi kwenye kitambaa. Na kila nilipofika hukuwepo. Bibi yako alisema umelala, au uko migombani, au uko kwenye mfereji wa mfongo unachota maji. Nikakaa. Baadaye ukatokea, majani kichwani, ukaniona, ukaenda moja kwa moja kujificha nyuma ya kanga ya bibi yako. Ukachungulia. Nikatoa mandazi. Ulitoka kuchukua andazi ukarudi nyuma ya kanga kulila huko. Mkazungumza Kichagga chenu, mkacheka, na mimi nilikaa kwenye kigoda kama mtu aliyekuja kudai.

Nikaamini kwamba unanikimbia. Naliandika hivi lilivyo, kwa sababu ndilo lililoniharibu. Nikishuka na lori nilikuwa najiambia, mtoto anasikia gari tu, anaingia migombani asinione. Nilimchukia bibi yako kwa hilo, Saida. Sikumtakia mabaya, nisije nikachuria, lakini nilikuwa namchukia kila nilipopiga pedali ya cherehani. Nikaanza kutafuta kitu cha kumshinda.

Ndipo nilipopata redio.

Hii iliyo kabatini, ndiyo hiyo hiyo. Baba yako alidhani ni ya kusikiliza hotuba. Mimi nilikuwa nasubiri taarifa ya habari iishe, halafu yule bwana mwenye sauti ya kutulia aseme utabiri wa hali ya hewa. Neno la mama yangu la mitume, sasa limo kwenye kisanduku cha betri, na linataja sehemu yetu: nyanda za juu za kaskazini mashariki. Nikasema moyoni, nimekupata, bibi wee. Wewe una pua yako, mimi nina serikali.

Ulikuwa darasa la pili, na kahawa ilikuwa imeiva. Nilipanda na redio kwenye kikapu, nikalala kule juu, na jioni tukaisikiliza sote. Yule bwana akasema mvua inatazamiwa kesho katika nyanda zetu. Asubuhi bibi yako akatoka, akautazama mlima, akanusa. Akasema tunaanika, hakuna mvua. Nikasema kuna mvua, imetangazwa. Akasema hakuna. Nikasema bibi, hata Dar es Salaam wanajua kuna mvua hapa. Akauliza Dar es Salaam wanauona mlima? Baba yako akaondoka kwenda kutazama tairi ambalo halikuwa na kitu.

Kisha bibi yako akaitwa msibani, mimi nikashuka mfongoni kufua kwa hasira, na wewe ukaachiwa vichanja vya kahawa. Kabla ya kuondoka kila mmoja alikupitia kwa wakati wake. Yeye alikwambia uiache wazi. Mimi nilikwambia uifunike turubai. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika utamsikiliza yeye.

Jua lile hutalisahau. Liliwaka tangu asubuhi mpaka mlima ukawa mweupe unauma macho. Tuliporudi, mimi na yeye tukikutana langoni, tulikuta nusu ya vichanja viko wazi, kahawa imekauka vizuri inalia ukiigusa, na nusu umeifunika turubai na kuikandamiza kwa mawe pande zote, kazi safi kabisa. Bibi yako akafunua. Mvuke ulitoka kama kwenye chungu. Kahawa ilikuwa mbichi bado, na joto la siku nzima liliipikia humo. Ilinuka uchachu.

Hakukukaripia. Alichuchumaa mbele yako, akakuuliza kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie, kwa nini umefunika nusu. Ukanitazama mimi, ukamtazama yeye.

"Nusu ya mama, nusu ya bibi," ukasema.

Kule chama cha ushirika kahawa ile iliyochacha ilikataliwa, na baba yako aliibeba kuirudisha. Mvua ilinyesha usiku wa pili yake, na Marangu, nasikia, ilinyesha siku ile ile. Kwa hiyo redio haikukosea sana. Naona unacheka. Cheka, lakini Marangu ni nyanda za juu pia.

Mama mwenye akili angejifunza siku ile kwamba mtoto anapasuliwa katikati kama gunzi. Mimi nilijifunza kitu kingine kabisa. Niliona nusu ile ya kwangu, nikasema, kumbe nina nusu! Nikataka yote. Muhula ulipofungwa nikakushusha mjini kwa nguvu, nikasema shule za mjini ni bora. Ulilia mpaka tunafika relini. Bibi yako alisimama kwenye masale na mikono nyuma. Nilifurahi kumwona amesimama hivyo, na furaha hiyo niliilipia, kwa sababu miezi ile ya kwanza hapa ulikuwa unapanda juu ya cherehani kila asubuhi kuchungulia dirishani. Nilidhani unatazama watoto wanaocheza. Ulikuwa unatazama mlima. Halafu unageuka unaniambia, mama, leo utaanika nguo, au leo usifue. Na sauti ilikuwa ya kwake.

Nilikuwa nafua kwa makusudi siku uliyosema nisifue. Nguo zetu zimenyeshewa mara nyingi, mwanangu, kwa ajili ya ukaidi wangu.

Kisha yule mwalimu wenu wa jiografia akaweka kipimo cha mvua uani pa shule, ukawa wewe ndiye wa kukisoma, Jumapili na sikukuu, hata ukiwa na homa. Nikamwonea wivu na yeye, na kile kipimo. Nilikuwa nakutazama unaondoka na mwavuli kwenda kutazama maji kwenye kopo, mtoto ambaye kwangu nikimtuma maji ya kunywa anasema subiri kidogo.

Sasa unakwenda kukaa kwa shangazi yako Temeke. Ataamka na wewe, atajua kama umekula. Naye namwonea wivu, na usimwambie. Hata mawingu ya huko nayaonea wivu. Utayatazama kila siku kwa macho ambayo ningependa unitazame mimi.

Lakini siandiki yote haya ili nikupe mzigo wa kubeba. Kuna jambo hulijui, nami sikulijua mpaka wiki iliyopita tulipokwenda kuaga kule juu.

Uliona jinsi ilivyokuwa. Bibi yako alikusimamisha mlangoni, akachukua kibuyu cha maziwa, akapiga funda, akakupulizia kifuani, akasema maneno yake. Kichagga changu cha miaka yote hii kinatosha kununua ndizi, hakitoshi kusikia baraka. Nikamuuliza baba yako amesema nini. Akasema, amesema utatazama juu na hutajikwaa. Wivu ukanipanda. Nikasema moyoni, haya, amembashiria tena, na mimi nimesimama hapa nimeshika mkoba.

Ukaenda na binamu zako kuaga nyumba za jirani. Bibi yako akaniita nimsaidie kuosha kibuyu mfongoni. Anatembea taratibu siku hizi, nikamshika mkono. Alikaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimeinama nasuuza, na yeye akaanza kusema kwa Kiswahili chake kile, polepole, akitafuta kila neno, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe hakuniita Mama Mkunde.

"Mama Saida," akasema, "huyu mtoto yako alikuwa anasema kila asubuhi, leo mama anakuja."

Nikainua kichwa. Akaendelea. Alisema ulikuwa ukiamka, kabla ya kunawa, unatoka nje, unatazama barabara ya chini kama yeye anavyotazama mlima, unasema leo mama anakuja. Kila siku. Siku ya mvua, siku ya jua. Kisha ulikwenda kukaa juu ya jiwe lile lile alilokalia yeye siku hiyo, kwa sababu kutoka pale lori linaonekana likikata kona. Yeye alikwambia leo haji, njoo unywe uji. Ukasema anakuja. Jioni ukalala. Asubuhi ukasema tena.

Nikamwuliza, basi mbona kila nilipokuja hakuwepo.

Alipangusa mikono yake mikavu kwenye kanga.

"Nikisikia gari nilimtuma majani," akasema. "Nilitaka akuone nikiwa na mimi niko karibu. Alikuwa wangu. Nilikuwa na wivu."

Hilo neno wivu alilijua vizuri, halikuhitaji kutafutwa.

Sikujua nifanye nini, Saida. Miaka yote ile niliyoipigia pedali ya cherehani kwa hasira. Nilidhani kule juu kuna mwanamke aliyeshiba, anayenicheka. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja amekaa upande wake wa mlima anaogopa lori. Nilitaka kumkasirikia. Nikajaribu. Lakini nilipomtazama nilimwona yule mwanamke aliyesimama kwenye masale na mikono nyuma, na safari hii sikufurahi.

Halafu akacheka, na meno yake machache. Akasema, mtabiri gani huyo, kila siku neno moja. Akasema ulikosea siku zote isipokuwa siku nilizokuja.

Nikacheka na mimi mpaka kibuyu kikanitoka, tukakiona kinakwenda na maji, na yeye akanielekeza kwa fimbo mahali kitakaponasa. Kikanasa pale pale. Hata hilo alilijua, yule bibi. Nikalia wakati nakifuata, kwa hiyo hakuona.

Sasa tangu siku ile ninazungusha jambo moja kichwani. Majengo wanasema bibi alikutabiria. Mimi nilisema hapana, ni mama aliyekulea. Na wote tumekosea. Kabla hujajua mawingu ni nini, kabla ya kipimo cha mwalimu, ulishakuwa mtu wa kutoka nje asubuhi na kusema ya leo. Hukurithi kwake wala kwangu. Ulijifundisha mwenyewe, juu ya jiwe, kwa kunitaka mimi. Siwezi kulisema hili kwenye foleni ya sukari, wataniona nimejisifu. Lakini wewe lijue.

Na ukishakuwa mtu wa redioni, au wa ofisini, au popote watakapokuweka, watu watakukalia kooni ukikosea. Watasema walituambia mvua, mbona jua. Usiwajibu kama mimi nilivyojibu, kwa kuitafutia mvua Marangu. Sema nilikosea, kisha asubuhi useme tena. Weka neno huenda mbele ya maneno yako, halitakupunguzia kitu. Bibi yako hakuliweka kwa sababu aliutazama mlima mmoja maisha yake yote. Wewe unapewa nchi nzima. Na siku utakayotangaza mvua katika nyanda za juu za kaskazini mashariki, mkumbuke mtoto fulani huko anayesimama na turubai mkononi, anatazama watu wawili anaowapenda. Ukiweza, mwambie wazi afunike au asifunike.

Wivu wenyewe siahidi kwamba nitauacha. Nimeuzoea. Shangazi yako akikupikia samaki wa nazi, kula, ushibe, lakini usiniandikie alikuwa mtamu kiasi gani. Na ukija likizo shukia kwangu kwanza. Kule juu tutapanda pamoja keshoye, ushanywa chai yangu, na nitakaa pembeni nikiwa nimetulia, uniamini.

Nasikia Rehema anakusindikiza. Mnasimama, mnaanza mazungumzo mapya, mnasogea kidogo, mnasimama tena. Nina muda wa mistari michache.

Kesho basi likishaondoka nitarudi hapa niimalizie ile sare. Na keshokutwa, kabla sijanawa, nitafungua mlango, nitatazama barabara ya stendi, na nitasema leo Saida anakuja. Bibi yako huko juu aseme leo Mkunde anakuja, shauri yake, tutaona nani atapatia. Baba yako ataniambia haji, njoo unywe chai. Nitakunywa, na asubuhi nitasema tena. Kwa hiyo usituandikie tarehe ya kurudi. Niache nikosee kila siku, kama ulivyokosea wewe, mpaka siku utakayoniona nimesimama mlangoni na ujue kwamba nilisema.

Mama yako